Nyangumi alikula nini kabla ya chujio kuota? Jibu kwa mwalimu wa Mtwara

Swali: Shikamoo, Daktari. Nafundisha Biolojia sekondari huku Mtwara. Kila mwaka kuanzia Julai nyangumi wa nundu hupita mbele ya pwani yetu, na mwaka juzi mmoja alikufa akasukumwa na maji mpaka ufukweni, nikawapeleka wanafunzi kumwona. Kinywani hakuwa na jino hata moja, ila safu za mabamba meusi yenye nyuzinyuzi kama ufagio. Nikawaeleza kuwa hilo ndilo chujio lake, na kwamba mababu zake walikuwa na meno. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama meno yaliondoka kwanza, alikula nini kabla ya chujio kuota? Na kama chujio liliota kwanza, meno hayakuwa yakilitafuna?" Nilikosa la kumjibu. Naomba unisaidie, na kama ipo mifupa ya nyangumi wa kale upande wetu wa Afrika, utuambie.

Jibu: Marahaba, Mwalimu, na huyo kijana mpe mkono wangu. Ameligusa jambo ambalo wataalamu wa visukuku vya nyangumi wanalibishania mpaka leo. Mimi nina upande wangu, na nausema mapema ili usome ukiujua: naamini meno yaliondoka kwanza. Kukawa na kipindi ambacho babu wa nyangumi hawa hakuwa na meno wala chujio, na bado alikula akashiba. Alikula kwa kufyonza.

Kwanza tuondoe kosa moja ambalo nalisikia hata kwa watu waliosoma: kudhani kwamba meno yaligeuka yakawa chujio, jino likarefuka, likalainika, likachanika nyuzi. Hayakugeuka. Yale mabamba mliyoyaona, ambayo nitayaita balini, hayana undugu wowote na jino. Jino limepandwa ndani ya mfupa wa taya na limefunikwa kwa enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Balini ni keratini, kitu kilekile kilichotengeneza kucha zako, nywele zako na pembe ya kifaru, nayo huota kwenye ngozi ya kaakaa ikining'inia. Nyangumi wa nundu ana mabamba kati ya 270 na 400 kila upande wa kinywa. Huendelea kuota maisha yake yote kama kucha, ncha zake zikisagika, na nyuzi za upande wa ndani husukana mpaka zikawa kama kifumbu cha kuchujia tui. Mnyama hujaza kinywa maji, hufunga, kisha husukuma maji nje kwa ulimi, na ndani hubaki samaki wadogo au krili, viumbe wa jamii ya kamba wanaofanana sana na uduvi wetu. Basi tuna vitu viwili mbalimbali: kimoja kiliondoka, kingine kikaja. Ubishi ni nani alimtangulia mwenzake.

Ubishi huo ungekwisha kwa siku moja kama balini ingekuwa inadumu. Haidumu. Mwulize yeyote aliyebaki kumwangalia yule nyangumi wenu baada ya ninyi kuondoka: ufizi ukianza kuoza, mabamba hung'oka yakachukuliwa na mawimbi, likabaki fuvu jeupe lisiloonyesha kwamba lilipata kubeba kitu. Yapo machache yaliyonusurika, hasa katika miamba ya Pisco kusini mwa Peru, ambako nyangumi wamekutwa na alama za balini zikiwa bado mahali pake mdomoni. Lakini hao ni wa juzi, kwa kalenda ya mambo haya: balini ilikwisha kuwapo zamani sana kabla yao. Kwa kipindi chenyewe cha mabadiliko, kati ya miaka milioni 36 na milioni 25 iliyopita, tunafanya kazi kama mtu aliyeingia jikoni kwa watu waliohama. Mafiga hayapo, chungu hakipo. Anatazama masizi ukutani na majivu sakafuni, kisha anasema moto ulikuwa hapa.

Kwamba mababu walikuwa na meno, hilo halina shaka, na Afrika ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko mahali pengi. Nyangumi alitokea nchi kavu. Ndugu yake wa karibu zaidi aliye hai leo ni kiboko, jambo lililothibitishwa na jeni, na halafu mifupa ikaunga mkono: mwaka 2001 timu mbili tofauti zilitangaza vifundo vya miguu vya nyangumi wa kale kutoka Pakistan vyenye umbo la kapi mbili, umbo ambalo leo unaliona kwa wanyama wenye kwato zilizogawanyika kama mbuzi, ng'ombe na huyo kiboko. Mmoja wa hao wa Pakistan ni Pakicetus, aliyepewa jina mwaka 1981, mnyama wa miguu minne wa miaka kama milioni 50 iliyopita. Ukimwona picha yake utadhani mbwa mwenye kichwa kirefu. Kilichomtambulisha kuwa ni nyangumi ni mfupa wa sikio lake, mzito na mnene upande mmoja kwa namna ambayo ni ya ukoo wa nyangumi. Ushike mfupa huo akilini, nitaurudia.

Sasa njoo Misri. Kiasi cha kilomita 150 kusini-magharibi ya Kairo, katika jangwa la Fayum, kuna bonde linaloitwa Wadi al-Hitan, yaani Bonde la Nyangumi. Tangu mwaka 2005 liko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mifupa ya nyangumi mia kadhaa imelala pale juu ya mchanga, mingine na uti wa mgongo wote umenyooka kama ulivyolala sakafuni mwa bahari miaka kama milioni 37 iliyopita. Mkubwa wao ni Basilosaurus, mwenye urefu wa mita 15 na zaidi. Jina hilo maana yake ni "mfalme wa mijusi", na limebaki kwa bahati mbaya: Richard Harlan wa Marekani alipolitoa mwaka 1834 alidhani ana mifupa ya mtambaazi. Miaka mitano baadaye Richard Owen wa Uingereza aliyatazama meno, akaona magego yana mizizi miwili. Mtambaazi hana jino la namna hiyo, mamalia ndiye anayo. Owen akataka kubadili jina, lakini kanuni ya sayansi ni kwamba jina la kwanza ndilo linalobaki, na mpaka leo nyangumi huyu anaitwa mjusi. Mwaka 1990 Philip Gingerich na wenzake walitangaza miguu yake ya nyuma kutoka bonde hilohilo: midogo mno, isiyoweza kumbeba, lakini ina goti na ina vidole.

Meno ya Basilosaurus ndiyo ninayotaka wanafunzi wako wayaone kwenye picha. Ya mbele yamechongoka ya kukamatia, ya nyuma mapana yenye ncha nyingi kama msumeno, ya kukatia. Tunajua yalifanya kazi gani, kwa sababu mwaka 2019 yalitangazwa mabaki yaliyokutwa pale tumbo lake lilipokuwa: mifupa ya samaki, na mifupa ya watoto wa Dorudon, nyangumi mwingine mdogo wa bonde hilo, ikiwa na alama za kung'atwa. Huyo ni mwindaji kamili. Na kundi lake, au jamaa zake wa karibu sana, ndilo lililozaa matawi mawili ya nyangumi walio hai leo: wenye meno, wakiwamo pomboo, na wenye balini, akiwamo huyo wenu wa nundu.

Kama kijana atasema mifupa ya Misri iko mbali, mwambie ushahidi mwingine ulikuwa ndani ya yule aliyekufa ufukweni. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa Étienne Geoffroy Saint-Hilaire alipasua taya la kijusi cha nyangumi wa balini akakuta vichipukizi vya meno, vimejipanga kwenye mfereji wao. Kila nyangumi wa balini huanza kuota meno akiwa tumboni mwa mama yake. Kisha mwili huyayeyusha kabla hajazaliwa, na karibu na wakati huo ndipo balini huanza kuota.

Jeni nazo zinasimulia vilevile. Zile zinazotengeneza enameli bado zimo ndani ya nyangumi hawa, lakini zimevunjika, hazifanyi kazi. Mojawapo, inayoitwa MMP20, imevunjwa na kipande cha DNA kilichojipachika katikati yake, na kipande hicho kimekaa mahali palepale kwa nyangumi wote wa balini waliochunguzwa. Wewe ni mwalimu, utalielewa hili haraka kuliko mtu mwingine. Wanafunzi kumi wakikosea swali moja, kila mmoja kwa njia yake, unajua swali lilikuwa gumu. Wakikosea wote kwa neno lilelile, herufi ileile, mstari uleule, unajua kuna daftari moja lililonakiliwa. Daftari hilo ni babu mmoja wa nyangumi wote wa balini wa leo, na enameli ilikwisha kumwisha kabla hawajatawanyika.

Lakini daftari hilo halisemi kama alikuwa na balini. Hapo ndipo swali la kijana linapoanza kuuma, na hapo tunarudi kwenye mifupa.

Mkongwe kabisa wa tawi la nyangumi wa balini anayejulikana ni Mystacodon, kutoka Peru, aliyetangazwa mwaka 2017. Ana miaka milioni 36.4 na urefu wa kama mita 4, na ana meno kinywa kizima. Baada yake yuko Llanocetus, wa kisiwa cha Seymour huko Antaktika, wa miaka milioni 34. Kwa muda mrefu tulimjua kwa kipande cha taya na meno machache tu, na kwa kuwa meno hayo yalikuwa na ncha nyingi na nafasi katikati, watu wakasema: huyu hapa, anachuja kwa meno, ndiye daraja tulilokuwa tukilitafuta. Mwaka 2018 Ewan Fordyce wa New Zealand na Felix Marx wakatangaza fuvu lake. Mnyama alikuwa na urefu wa kama mita 8, mkubwa kuliko walivyotarajia wengi, na meno yake yalikuwa yamechakaa kwa namna ya meno yanayokata nyama. Nafasi kati ya meno zilijaa ufizi mnene, ambao alama za mishipa yake ya damu bado zinaonekana kwenye kaakaa. Huo ufizi mnene nauona ni jambo kubwa, ingawa haukupewa uzito sana magazetini. Jino likiondoka na ufizi ukabaki mnene na mgumu, tayari una ngozi ambayo keratini inaweza kuotea.

Jambo jingine lililotangulia ni taya la juu kuwa pana na bapa. Fuvu la Janjucetus, nyangumi mdogo wa Victoria, Australia, aliyeelezwa na Erich Fitzgerald mwaka 2006, lina pua fupi, macho makubwa na meno makali ya kuwindia. Taya lake la chini limeungana imara mbele, tofauti na nyangumi wa leo ambaye mataya yake mawili hayajashikamana na hutanuka kama mlango wa mbao mbili. Lakini taya la juu limekwisha kutanuka. Kinywa kipana kilikuja kabla ya chujio. Na Janjucetus ni wa miaka milioni 25 tu iliyopita. Maana yake, wakati jamaa zake wengine walikwisha kuacha meno zamani, yeye aliendelea kuwinda kwa meno na maisha yakamwendea. Waambie wanafunzi wasichore ngazi ubaoni, kila mnyama amesimama kwenye kipago cha juu ya mwenzake. Wachore mti, wenye matawi mengi yaliyokauka.

Sasa majibu matatu yanayoshindana.

La kwanza linasema meno yenyewe yalichuja kabla ya balini. Mtetezi wake mkubwa ni Jonathan Geisler, ambaye mwaka 2017 pamoja na wenzake alitangaza Coronodon wa South Carolina, Marekani, wa miaka kama milioni 30. Magego yake ni makubwa, yanapandana kidogo, na kati yake kuna vijinafasi ambavyo maji yangeweza kupita. Fikiria unavyomwaga maji ya kuoshea mchele, umeziba mdomo wa sufuria kwa vidole: maji yanatoka, mchele unabaki. Na si ndoto, kwa sababu kuna sili wa Antaktika anayechuja krili kwa meno namna hiyohiyo. Dosari ni ukali. Watafiti wa Australia walilinganisha meno ya nyangumi wa kale na ya sili na ya wanyama wakali wa nchi kavu, mwaka huohuo wa 2017. Meno ya sili wanaochuja ni butu. Ya nyangumi wa kale yalikuwa makali kama ya simba. Mtu hanoi kisu ili akitumie kama chujio.

La pili linasema meno na balini vilikaa kinywa kimoja kwa muda. Hapa mnyama wa kutazama ni Aetiocetus weltoni, wa Oregon. Ana meno, na kando ya meno, kwenye kaakaa, kuna vitundu vidogo. Nyangumi wa leo ana vitundu mahali hapo, na damu inayolisha balini hupitia humo. Thomas Deméré na wenzake walisema mwaka 2008: palipo na mfereji wa kulishia, palikuwa na kinacholishwa. Mwaka 2022 yeye na Eric Ekdale walilipiga fuvu hilo picha za CT, zinazoonyesha ndani ya mfupa bila kuupasua, wakaonyesha kwamba vitundu hivyo vinaungana na mfereji uleule unaolisha meno, kama ilivyo kwa nyangumi wa leo ambaye mfereji huo sasa unalisha balini. Ni hoja nzuri na naiheshimu. Tatizo ni kwamba mwaka huohuo Carlos Mauricio Peredo na wenzake walionyesha vitundu vya namna hiyo kwa wanyama wengine ambao hawakuwahi kuwa na balini, wakiwamo nyangumi wenye meno. Kitundu kinakuambia damu ilipita. Hakikuambii ilikwenda kulisha nini, na ufizi mnene nao unahitaji damu.

La tatu ndilo langu. Katika miaka ya 1970 kisukuku kimoja kiliokotwa Oregon, kikaingia katika makusanyo ya jumba la makumbusho la Smithsonian huko Washington, kikakaa. Miaka mingi baadaye Peredo na wenzake, akiwamo Nicholas Pyenson, walikiangalia kwa CT, na mwaka 2018 wakampa mnyama huyo jina Maiabalaena, "nyangumi mama". Ana miaka kama milioni 33. Hana meno, wala mashimo ya kukalia meno. Walipolitazama kaakaa wakakuta jembamba, halina upana wala unene wa kushikilia mabamba ya balini. Kinywa kitupu! Na kooni mifupa inaonyesha misuli yenye nguvu ya kuvuta ulimi nyuma.

Kijana wako atauliza: mnyama wa mita 4 na nusu, kinywa kitupu, ataishije? Mwonyeshe walio hai. Chewa, ambaye kila mvuvi wa Mtwara anamjua, hamkimbizi samaki na kumtafuna. Hufungua kinywa ghafla na samaki huingia pamoja na maji, kama bomba la sindano linavyovuta dawa. Nyangumi wengine wanafanya hivyo leo. Wapo wenye mdomo uliochongoka, wapigambizi wa kina kirefu kuliko mamalia wote: kwa spishi zao nyingi dume ana jozi moja au mbili tu za meno, anazopigania na wenzake, na jike jino lake halitokezi nje ya ufizi. Wanakula ngisi kwa kufyonza. Nyangumi mkubwa wa kichwa cha mraba, yule wa ambari, ana meno taya la chini, lakini vijana wake hula na kunenepa kabla meno hayo hayajatoboa ufizi. Ngisi hahitaji kutafunwa. Ni mlaini, anateleza, anamezwa mzima. Kwa mlaji wa namna hiyo jino ni mzigo, na mwenye meno mabovu huzaa watoto wengi sawasawa na mwenye meno mazuri. Jeni zikivunjika hakuna kinachozirekebisha.

Nalipenda jibu hili kwa sababu pia linaeleza chujio lilianzia wapi. Ugumu wa siku zote ni kwamba nusu ya chujio haina faida: nyuzi tano hazichuji kitu. Lakini mnyama anayefyonza ana shida moja kila mlo. Maji aliyoyavuta lazima ayatoe, na ngisi asitoke nayo. Kwake ufizi wenye makwaruzo ni faida tayari. Ufizi wenye manyoyamanyoya ni faida zaidi. Vibamba vifupi, zaidi tena. Na kadiri vinavyorefuka, ndivyo anavyoweza kukamata viumbe wadogo zaidi na wengi zaidi kwa mkupuo, mpaka siku moja wazao wake wanaacha kumfuata ngisi mmojammoja na kuanza kumeza kundi zima. Hakuna hatua hata moja hapo ambapo mnyama analala njaa akisubiri kiungo kikamilike.

Wanaotetea jibu la pili wanadai kwamba mnyama mmoja, fuvu moja, ni msingi mdogo wa kujengea hoja kubwa kiasi hiki. Wana haki kusema hivyo. Likipatikana kesho fuvu la miaka milioni 33 lenye meno na lenye balini halisi mwambani, nitabadili upande siku hiyohiyo, na naomba umwambie kijana hivyo, kwa sababu anastahili kujua ni kitu gani kingenishinda.

Baada ya hapo njia ni nyeupe. Kufikia miaka kati ya milioni 30 na milioni 23 iliyopita kulikuwa na kundi linaloitwa Eomysticetidae, ambalo Fordyce na wanafunzi wake walilichimbua sana New Zealand: mataya marefu membamba, meno hayapo au yamebaki dalili tu, na kaakaa lina mifereji inayoonyesha balini. Wanachuja sasa. Bahari pia ilikuwa imebadilika: Antaktika ilikuwa imejitenga na Australia na Amerika ya Kusini, mkondo wa maji baridi ukaanza kuizunguka, na maji baridi yanayopanda kutoka vilindini huleta virutubisho, virutubisho huleta krili. Nyangumi wenu wa nundu hula huko kusini, kisha huja kwetu kuzaa na kupandana, na muda wote wakiwa Mtwara, Mafia au Watamu hawali sana. Wanaishi kwa mafuta ya Antaktika.

Ukubwa wa kutisha ulichelewa zaidi. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa nyangumi wa balini walibaki wadogo au wa wastani muda mwingi wa historia yao, na majitu ya zaidi ya mita 10 yakatawala katika miaka milioni 3 hivi ya mwisho. Italia, karibu na mji wa Matera, limepatikana fuvu la miaka kama milioni 1 na nusu la nyangumi wa buluu anayekadiriwa mita 26. Mnyama mkubwa kuliko wote tunaowajua kwa uhakika kuwahi kuishi anaweza kuwa ameanza kuonekana wakati mababu zetu walikwisha kutembea kwa miguu miwili katika nchi hizi.

Swali lako la mwisho, kama upo mfupa upande wetu. Upo, na uko mahali ambapo hakuna mtu angetafuta nyangumi. Mwaka 1964 huko Loperot, Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilipatikana sehemu ya fuvu la nyangumi. Ukitoka pale kwenda baharini leo ni kama kilomita 740, na mahali penyewe pako kama mita 620 juu ya usawa wa bahari. Kisukuku hicho kilielezwa mwaka 1975, kisha hakikujulikana kiliko kwa miaka mingi, mpaka kilipopatikana tena Marekani. Umri wake ni miaka milioni 17. Maelezo yaliyotolewa mwaka 2015 ni kwamba alipanda mto mkubwa akapotea njia, kama nyangumi wanavyofanya mara mojamoja hata leo, na kwa kuwa nyangumi hapandi maporomoko, nchi ile wakati huo lazima ilikuwa tambarare na chini. Kwa hiyo mfupa mmoja umewasaidia wanajiolojia kukadiria lini Afrika Mashariki ilianza kuinuka: baada ya yeye kufa pale.

Naye si wa balini. Ni wa lile kundi la mdomo uliochongoka, wafyonzaji wa ngisi. Mnyama ambaye kijana wako anashindwa kumwamini, anayekula bila kutafuna wala kuchuja, jamaa yake alikufa Turkana.

Kama wanafunzi wataanza kutafuta wenyewe kwenye kingo za mito na miamba ya pwani, na natamani waanze, wasitafute fuvu. Fuvu husagika. Wautafute ule mfupa wa sikio niliokuambia uushike akilini. Nimewahi kuushika wa nyangumi mkubwa: unajaa kiganja, umejikunja kama kombe la bahari, na ni mzito kama jiwe la mtoni, ndiyo maana hubaki wakati mengine yote yamekuwa vumbi. Wakiuona wasiung'oe. Wapige picha, waweke kitu cha kulinganisha ukubwa pembeni, waandike mahali ulipo na uelekeo wake ndani ya mwamba, kisha taarifa iende Idara ya Mambo ya Kale. Na picha moja nitumie mimi.